Gari inamisi asubuhi, ikipata moto inatulia: je, ninunue kontroli boksi?

*"Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A ya nozeli. Asubuhi nikiiwasha inatetemeka na kumisi, na kile kilima cha kutoka nyumbani hapa Bugarika inakipanda kwa shida. Ikishapata moto inatulia, natembea nayo siku nzima Buzuruga, Igoma mpaka Kisesa bila tatizo. Usiku mvua ikinyesha, asubuhi yake hali inakuwa mbaya zaidi. Maji ya rejeta naongeza kidogo kila wiki. Fundi wa kwanza alisema Mwanza ni joto, akatoa themostati. Tangu hapo misi inachukua muda mrefu zaidi kuisha. Wa pili aliosha nozeli, sikuona tofauti. Wa tatu anasema kontroli boksi imekufa, nitafute ya mtumba. Taa ya cheki injini haiwaki. Naomba ushauri kabla sijatoa hela."*

Usiitoe hiyo hela kwanza. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, huharibika kweli, hasa kapasita zake za ndani zikivuja kwa uzee, lakini kwa dalili ulizoeleza kifaa hicho kinakaa mwisho kabisa wa foleni ya washukiwa. Ya mtumba nayo ina balaa lake. Kwa macho zinafanana, ila ya gari la gia za mkono na ya otomatiki ni vitu viwili, na namba zisipolingana utakuwa umenunua tatizo la pili kabla ya kumaliza la kwanza.

Nikuulize kitu: kati ya hao mafundi watatu, yupo hata mmoja aliyeiona gari ikimisi? Nadhani hayupo. Umeiwasha nyumbani, imetetemeka, umeshuka nayo, umekaa kwenye foleni ya Mabatini, na ulipofika gereji injini ilishapata moto na inalia vizuri. Fundi akafungua boneti, akasikiliza injini isiyoumwa, halafu akabahatisha. Simlaumu sana, ila kubahatisha huko umekulipia mara mbili. Ugonjwa wa injini baridi unapimwa injini ikiwa baridi. Gari ilale gereji mpaka asubuhi, au fundi aje kwako alfajiri haijawashwa. Mlipe nauli na muda wake, bado utakuwa umeokoa.

Sasa tuelewane kwa nini ubaridi unaleta misi, yaani silinda kukosa kuwaka, maana ukilijua hilo hakuna atakayekuuzia kifaa usichokihitaji.

Petroli ikiwa majimaji haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake ukishachanganyika na hewa, kwa uzito kama sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli. Injini ikiwa ya moto, petroli inayorushwa na nozeli inakutana na valvu ya moto na kugeuka mvuke papo hapo. Ikiwa baridi, sehemu kubwa inanata kwenye kuta za manifoldi (bomba linaloingiza hewa kwenye silinda) ikiwa bado majimaji, na kinachoingia kwenye silinda ni hewa nyingi na mvuke kiduchu. Usidanganyike kwamba Mwanza hakuna baridi. Nyuzi 20 za alfajiri kwetu ni hali ya hewa nzuri, lakini kwa injini iliyotengenezwa ifanye kazi kwenye nyuzi 80 na kwenda juu, hiyo ni baridi tosha.

Kufidia hali hiyo, kontroli boksi inaamuru nozeli zimwage petroli nyingi kuliko kawaida. Itajuaje iongeze kiasi gani? Inaiuliza sensa ya joto la maji, basi. Kwenye ekzosi ipo sensa ya oksijeni ambayo kazi yake ni kukagua kama mchanganyiko umekuwa sawa, lakini nayo haifanyi kazi mpaka ipate moto wa nyuzi kama 300. Kwa hiyo dakika za mwanzo kompyuta inafanya kazi kama mpishi anayetia chumvi kwa kukariri bila kuonja. Kama kuna kosa dogo mahali, sensa inadanganya au hewa ya wizi, isiyopimwa, inaingia manifoldi, kosa hilo linaonekana lote. Sensa ya oksijeni ikishaamka, kompyuta inaanza kurekebisha na injini inatulia. Ugonjwa unakuwa upo palepale, umefunikwa tu.

Upande wa moto wa plagi nao una shida zake asubuhi. Plagi imelowa petroli, betri imetoka kuzungusha starta na volti zake zimeshuka, na mchanganyiko wa baridi ni mgumu kuwashwa. Koili inalazimika kutoa umeme mkubwa zaidi kuruka ule mwanya wa plagi, na umeme huo ukiona njia rahisi ya kukimbilia, kwa mfano waya uliopasuka na umelowa unyevu, utapita huko.

Hapo ndipo maneno yako kuhusu mvua yanapokuwa ya thamani kuliko yote uliyoandika. Sensa ya joto haijui kama usiku ulinyesha. Kontroli boksi iko ndani ya gari, haijui. Nozeli hazijui. Kinachojua ni mfumo wa moto: waya za plagi, kofia ya distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi), rota inayozunguka ndani yake, na koili inayozalisha umeme huo. Mimi dau langu la kwanza naliweka hapo.

Jaribio lake halina gharama. Subiri usiku, paki mahali penye giza, fungua boneti, washa injini ikiwa baridi. Chukua chupa ya kupulizia, ile ya kupigia pasi, weka maji safi, puliza ukungu mwepesi juu ya waya na kofia ya distribyuta. Ukiona vicheche vya bluu vinaruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye bodi ya injini, au misi ikaongezeka palepale, umeshampata mhalifu. Simama mbali na feni na mikanda, na usishike waya wa plagi kwa mkono injini ikiwaka, maana ule umeme ni wa maelfu ya volti.

Mchana chomoa waya mmoja mmoja, injini ikiwa imezimwa, upime kwa multimita. Kikomo cha Toyota ni kilo-omu 25 kwa kila waya; unaozidi hapo hauna kazi. Fungua kofia ya distribyuta uitazame kwa tochi. Unatafuta mistari myembamba myeusi, kama imechorwa na penseli, inayotoka kwenye ncha moja ya shaba kwenda nyingine. Hizo ni njia ambazo umeme umejichimbia, na kofia ya hivyo haisafishwi, inabadilishwa pamoja na rota yake. Ukikuta oili ndani ya distribyuta, sili yake imechoka. Badilisha sili kwanza, la sivyo kofia mpya itaharibika vilevile.

Halafu angalia visima vya plagi. Kwenye 5A plagi zimekaa ndani kabisa, katikati ya kava ya valvu, na sili zake zikikakamaa oili inashuka humo. Utachomoa mpira wa waya utoke umelowa oili, umevimba na kulegea. Kingine, na hili nimeliona sana kwa magari ya hapa: mtu anapeleka gari kuoshwa, kijana anaipiga injini maji ya presha, visima vinajaa, na wiki nzima gari inamisi asubuhi. Kama huwa unaosha injini namna hiyo, acha, au ziba visima na distribyuta kwa nailoni kabla maji hayajapigwa.

Plagi zenyewe zitoe na uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda, ya 1 mpaka ya 4, usizichanganye. Ya rangi ya kahawia hafifu, kavu, ni nzima. Nyeusi yenye masizi makavu inasema petroli ni nyingi. Yenye ubichi wa oili inasema oili inaingia. Moja ikiwa safi mno kuliko wenzake, kama imepigwa msasa, au ina kutu, hiyo iweke pembeni, tutarudi kwake. Mwanya nao upime: kwa Toyota za rika hilo ni kati ya milimita 0.8 na 1.1 kutegemea aina ya plagi, na plagi iliyoliwa mwanya wake unapanuka mpaka koili ya asubuhi inashindwa kuuruka. Plagi za iridiamu si dawa ya misi. Zinadumu zaidi, lakini waya mbovu utaziua nguvu zilezile.

Dau la pili ni sensa ya joto la maji. Watu huichanganya na mwenzake. Yenye waya mmoja inapeleka habari kwenye geji ya dashibodi. Yenye waya mbili ndiyo ya kompyuta. Geji inaweza kupanda vizuri kabisa huku sensa ya kompyuta imekufa. Na ikifa kabisa au waya wake ukikatika, kontroli boksi za Toyota hujiwekea makadirio ya nyuzi 80, yaani asubuhi inadhani injini ni ya moto, inanyima petroli, gari inamisi. Ikishapata moto kweli, makadirio na hali halisi vinalingana, gari inatulia. Dalili hiyo inafanana na yako mno.

Chomoa soketi ya umeme ya sensa hiyo asubuhi kabla ya kuwasha, pima kwa multimita. Kwenye nyuzi 20 isome kati ya kilo-omu 2 na 3. Injini ikifika nyuzi 80 isome kama omu 200 hadi 400. Namba zikiwa mbali na hapo, ibadilishe. Kwa kuwa umekuwa ukiongeza maji matupu kila wiki, usishangae ukiitoa ukaikuta imevaa koti la kutu na chokaa.

Utasema mbona taa ya cheki injini haiwaki. Kwanza hakikisha taa yenyewe ipo hai: washa swichi bila kupiga starta, lazima iwake. Isipowaka, balbu imeungua au kuna mtu aliitoa ili akuuzie gari. Pili, si kweli kwamba gari la zamani halipimiki. Chini ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo kwa haraka, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni kodi (namba ya kosa) 22, sensa ya joto la maji. Soma herufi vizuri kabla ya kuchomeka waya. Ukigusa tundu lisilo lake unaweza kuunguza kitu. Na ujue kwamba sensa inayodanganya kidogo kidogo haileti kodi. Ndiyo maana bado nakutuma ukaipime kwa multimita.

Sasa maji. Hapa ndipo ningependa usizembee, maana ndiyo sehemu pekee ya barua yako inayoweza kukugharimu injini nzima.

Injini yenye afya hainywi maji kila wiki. Inawezekana yanavuja kwa nje: kifuniko cha rejeta kimechoka, kibano cha mpira kimelegea, pampu ya maji inadondosha kwenye kitundu chake cha chini. Anzia huko, ni rahisi na bei yake ndogo. Kifuniko hasa watu hukidharau. Sisi tuko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji matupu yanachemka kwenye nyuzi kama 96. Kifuniko kizima kinayabana, yanapanda kupita 110 bila kuchemka. Kibovu kinayaachia, na ukirudi jioni unakuta yamepungua.

Lakini inawezekana pia gasketi ya silinda hedi imeanza kuachia. Ikiachia kidogo tu, usiku wakati mfumo bado una presha maji yanajipenyeza matone matone kwenye silinda moja. Asubuhi silinda hiyo inamisi kwa sababu plagi yake imelowa maji, inatoa moshi mweupe, halafu inakauka na gari inatulia. Ile plagi safi kuliko wenzake niliyokuambia uiweke pembeni, ndiyo inayotoa ushahidi huo. Mvuke mweupe wa dakika moja mbili asubuhi ni kawaida ya kila gari. Unaoendelea, na maji yanapungua, si kawaida.

Cha kufanya: asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta (ikiwa ya moto usithubutu), jaza mpaka juu, washa, tazama mdomoni. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Yakiendelea bila kukoma na yakiongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda. Fundi mwenye kifaa cha kemikali anaweza kuthibitisha: maji yake ya bluu yanageuka njano yakikutana na gesi hiyo. Siku ukipiga starta ikagonga "du" na kukwama, usirudie. Huenda silinda imejaa maji, na kulazimisha kunakunja konrodi, ule mkono wa pistoni.

Kuhusu themostati nitasema wazi: irudishwe. Najua gereji nyingi huitoa kwa nia njema, kwa imani kwamba nchi ya joto haihitaji. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike kwenye nyuzi 82 hivi, ndipo inafunguka. Ukiitoa, maji yanazunguka rejeta tangu sekunde ya kwanza, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya baridi, plagi zinajaa masizi na petroli inateremka kuchafua oili. Wewe mwenyewe umeandika kwamba tangu itolewe misi inachukua muda mrefu zaidi. Jibu unalo. Tena kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato. Isipokuwepo, sehemu ya maji inazunguka bila kupita rejeta, na siku ya mlima mrefu na mzigo gari inaweza kuchemsha kuliko mwanzo. Weka mpya, na kulanti badala ya maji ya bomba.

Nozeli zimeshaoshwa na hazikubadilisha kitu, tuziache, isipokuwa umwombe fundi ahakikishe hakuna inayodondosha gari ikiwa imezimwa. Petroli ya kuchakachuliwa na mafuta ya taa huleta tabu hiihii ya asubuhi kwa sababu mafuta ya taa hayageuki mvuke kirahisi, lakini tangu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze mwaka 2010 kuweka kwenye mafuta vinasaba, yaani alama za kutambua uchakachuaji, tatizo hilo si la kulikimbilia kwanza. Badilisha kituo kwa tangi mbili tatu, uone.

Kama moto uko sawa, sensa iko sawa na maji hayapotei ndani, mwambie fundi atafute hewa ya wizi: gasketi ya manifoldi iliyokakamaa na mipira ya vakyumu iliyopasuka huvuja ikiwa baridi na kujiziba ikitanuka kwa joto. Baada ya hapo ni kupima kompresheni ya silinda zote nne. Zisipishane kwa zaidi ya baa 1 hivi. Ikipungua kwenye silinda moja, au mbili zilizopakana, turudi kwenye gasketi, valvu au ringi, na hapo unahitaji fundi wa injini hasa mwenye vipimo vyake, anayekuonyesha namba kabla hajafungua hedi. Fundi anayetaka kufungua hedi bila kupima chochote, chukua ufunguo wako uondoke.

Kujua silinda ipi inamisi ni kazi ya dakika tano. Injini ikiwa baridi na inatetemeka kwenye sailensi (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), chomoa soketi ya nozeli moja moja. Silinda nzima ukiichomolea, injini inazidi kuyumba. Ile ambayo ukichomoa hakuna kinachobadilika ndiyo yenye ugonjwa. Hii ni salama kuliko ule mtindo wa kunyofoa waya za plagi, ambao unakurusha shoti na kupeleka petroli mbichi kuunguza masega, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi.

Wakati unasubiri fundi, gari unaweza kuitumia kwa uangalifu. Usiiache iungurume robo saa nzima nyumbani; dakika moja inatosha, kisha ondoka taratibu. Kile kilima kipande kwa gia ndogo bila kukandamiza mafuta. Kagua maji kila asubuhi kabla ya kuwasha na uandike ulichoongeza, fundi atauliza. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, geji ya joto ikipanda kuliko kawaida yake, au moshi mweupe ukigoma kuisha, paki hapohapo hata kama ni katikati ya Igoma, na gari ivutwe. Usijaribu kuifikisha gereji kwa kuongeza maji njiani.